Abayudaya wa Mbale: Wayahudi waliolinda dini yao chini ya Mlima Elgon

MJI wa Mbale, mashariki mwa Uganda, unafahamika na Wakenya wengi kwa mambo mawili: kahawa ya miteremko ya Mlima Elgon, na sherehe za tohara za Wagisu ambazo hufanyika kila mwaka wa shufwa kama zile za jamaa zao Wabukusu, walio upande wa pili wa mlima huo. Jambo la tatu halijulikani sana. Katika vilima vinavyouzunguka mji huo wanaishi Waafrika wanaofuata dini ya Kiyahudi. Hujiita Abayudaya, neno la Kiganda lenye maana ya Wayahudi.

Idadi yao inakadiriwa kuwa watu 2,000. Wametawanyika katika vijiji kadhaa, vikiwemo Nabugoye, Namanyonyi, Nasenyi na Putti, na wengine wako mbali kidogo, Namutumba, katika eneo la Busoga. Kitovu chao ni kilima cha Nabugoye, kilomita chache kutoka katikati ya Mbale, mji uliopandishwa hadhi na kuwa jiji mwaka 2020.

Abayudaya hawadai kwamba wao ni kizazi cha makabila ya kale ya Israeli, kama wanavyosema Wayahudi wa Ethiopia au Walemba wa kusini mwa Afrika. Babu zao walikuwa Waganda, Wagisu, Wagwere na Wasoga walioingia katika dini hiyo kwa kuisoma Biblia na kuishika kama walivyoielewa.

Kwa sababu hiyo, kwa zaidi ya miaka 100 wamekuwa wakiulizwa swali lile lile: ni nani aliyewapa idhini ya kuwa Wayahudi? Wakoloni waliliuliza, Idi Amin akawaadhibu bila kungoja jibu, na baadhi ya maafisa wa serikali ya Israel wangali wanalitilia shaka. Wakati wote huo, Abayudaya wamejibu kwa mwenendo wao wa kila wiki, yaani ibada, elimu na huduma ambazo jirani zao Waislamu na Wakristo pia hunufaika nazo.

Jemadari aliyekosana na Waingereza

Mwanzilishi wa jamii hii alikuwa Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyepigana upande wa Waprotestanti katika vita vya dini vya Buganda mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1899 alishiriki katika kuwakamata Kabaka Mwanga wa Buganda na Mukama Kabalega wa Bunyoro, wafalme wawili waliokuwa wakiwapinga Waingereza.

Baadaye aliongoza majeshi yake kuyateka maeneo ya mashariki, na mwanzoni mwa karne ya 20 akaasisi makao yake mahali ambapo leo pana mji wa Mbale. Alitarajia kuwa mfalme wa nchi aliyoiteka. Waingereza, hata hivyo, walikuwa na nia nyingine. Walimpunguzia mamlaka hatua kwa hatua, na mwaka 1906 wakampeleka Busoga kuwa kiongozi wa baraza la machifu. Aliporejea Mbale mwaka 1913 alikuwa mtu aliyevunjika moyo.

Katika hali hiyo alijiunga na Bamalaki, madhehebu ya Kikristo yaliyozuka Buganda mwaka 1914 na yaliyokataa matumizi ya dawa za hospitali. Wafuasi wake walishika Jumamosi kuwa siku ya mapumziko. Kakungulu alizidi kuzama katika vitabu vya Agano la Kale, na humo akakuta agizo la tohara ambalo viongozi wa Bamalaki hawakulifuata. Alipowauliza, walimweleza kwamba tohara ni ya Wayahudi. Kakungulu aliamua kwamba, kama ni hivyo, basi yeye ni Myahudi.

Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, akajitenga na Bamalaki na kuhamia Gangama, chini ya Mlima Elgon, pamoja na wafuasi wake. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha Kiganda cha kurasa 90 hivi kilichofafanua sheria na sala za jamii hiyo mpya.

Uamuzi wa kutahiri watoto wakiwa na siku nane ulikuwa mzito katika eneo hilo. Kwa Wagisu, tohara ni daraja ya kuingia utu uzima, na kijana huikabili mbele ya umma akiwa na umri wa kutambua anachokifanya. Mtoto aliyetahiriwa akiwa mchanga hukosa nafasi hiyo ya kujipima mbele ya rika lake. Kwa familia ya Kigisu, kuingia katika Uyahudi kulimaanisha kuachana na mila iliyo kiini cha utambulisho wa kabila.

Katika miaka ya 1920, Myahudi wa kigeni aliyejulikana kwa jina la Yusufu aliwatembelea na kukaa nao kwa takriban miezi sita. Alimwonyesha Kakungulu kwamba baadhi ya desturi zilizosalia, kama vile ubatizo, hazikuwa za Kiyahudi. Aliwafundisha kalenda ya sikukuu, sheria za vyakula na namna ya kuchinja. Tangu hapo Abayudaya wameshika mwiko wa kutokula nyama isiyochinjwa kwa kufuata sheria yao.

Kakungulu alifariki dunia mnamo Novemba 24, 1928. Uongozi ulichukuliwa na Samson Mugombe, na jamii ikaishi kwa miongo kadhaa pasipo mawasiliano ya kudumu na Wayahudi wa kwingineko. Mwaka 1962, Arye Oded, Mwisraeli aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Makerere, aliwatembelea na kuandika habari zao. Msomi huyo baadaye alikuwa balozi wa Israel nchini Kenya.

Tofauti na 'Mpango wa Uganda'

Wasomaji wa historia aghalabu huchanganya habari za Abayudaya na pendekezo maarufu la mwaka 1903, ambapo Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alimpa kiongozi wa Wazayuni, Theodor Herzl, fursa ya kuwapatia makao Wayahudi waliokuwa wakiteswa Ulaya Mashariki. Pendekezo hilo linaitwa Mpango wa Uganda, lakini ardhi iliyokusudiwa ilikuwa Uasin Gishu, ambayo iko nchini Kenya. Kongamano la Wazayuni lililikataa mwaka 1905.

Mambo hayo mawili hayana uhusiano. Wala Abayudaya hawakutokana na Wayahudi wa Nairobi, ambao waliunda jumuiya yao mwaka 1904 na ambao wengi wao walikuwa wahamiaji kutoka Ulaya. Kakungulu alifikia uamuzi wake akiwa na Biblia mkononi, pasipo mmishonari wa Kiyahudi aliyetumwa kumwongoza. Dini ya Kiyahudi, kwa desturi yake ya karne nyingi, haina kazi ya kutafuta waumini wapya.

Miaka ya kusali kwa siri

Pigo kubwa liliwafika chini ya utawala wa Idi Amin, aliyetwaa mamlaka Januari 1971. Mwanzoni Amin alikuwa na urafiki na Israel, lakini mwaka 1972 alikatiza uhusiano huo na kuwafukuza Waisraeli nchini. Serikali yake ilipiga marufuku ibada za Kiyahudi, na masinagogi yakaharibiwa au kutwaliwa.

Wengi waliokoa maisha yao kwa kuingia Ukristo au Uislamu. Inakadiriwa kwamba jamii iliyokuwa na watu wapatao 3,000 ilibaki na takriban 300 tu. Waliobaki walisali kwa sauti ya chini majumbani mwao, na kuficha vitabu vyao.

Mnamo Aprili 11, 1979, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni waliuteka mji wa Kampala, na utawala wa Amin ukaanguka. Jioni ya siku hiyo ndiyo iliyokuwa mwanzo wa Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri. Abayudaya hawajaisahau sadfa hiyo.

Hata hivyo, uhuru wa kusali haukurudisha waumini mara moja. Wazee walikuwa wachache na waliochoka. Kazi ya kufufua jamii ilifanywa na vijana katika miaka ya 1980, miongoni mwao J.J. Keki na nduguye Gershom Sizomu. Walihamia kilima cha Nabugoye, wakaishi na kulima kwa pamoja kwa mfano wa mashamba ya ujamaa ya Israel, wakajifunza Kiebrania na kutunga tuni mpya za zaburi.

Mapema katika miaka ya 1990, wanafunzi Wamarekani waliokuwa wakisoma nchini Kenya walivuka mpaka kwenda kuwaona. Habari zao zikafika Marekani, na shirika la Kulanu, linalosaidia jamii za Kiyahudi zilizo mbali na vituo vikuu vya dini hiyo, likaanza kuwatembelea na kuwafadhili.

Maisha ya sinagogi

Ibada ya Abayudaya huizunguka Sabato, inayoanza Ijumaa jua linapotua na kumalizika Jumamosi usiku unapoingia. Hesabu hiyo si ngeni kwa Mswahili, ambaye tangu jadi huianza siku yake magharibi na kuuita usiku wa Alhamisi usiku wa kuamkia Ijumaa. Kwa kuwa Mbale iko karibu na Ikweta, saa ya kuanza Sabato haibadiliki sana mwaka mzima: daima huwa baina ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni. Katika nchi za kaskazini mwa Ulaya saa hiyo hutofautiana kwa muda mrefu kati ya kipupwe na kiangazi.

Siku hiyo hakuna kulima, kupika wala kuuza. Kwa mkulima mdogo hilo ni jambo zito, hasa wakati wa mavuno. Chakula huandaliwa kabla ya jua kutua, na wanaoishi mbali na sinagogi hutembea kwa miguu.

Ibada ya asubuhi ya Jumamosi hufikia kilele wakati gombo la Torati linapotolewa katika sanduku lake na kusomwa kwa Kiebrania, kisha sehemu hiyo kufafanuliwa kwa Kiganda au Kiingereza. Lugha zinazotumika ni nyingi kwa sababu waumini wenyewe ni wa makabila mbalimbali. Katika sinagogi la Nabugoye, wanawake huhesabiwa katika akidi ya watu wazima kumi inayotakiwa kwa sala za jamaa, na husoma Torati sawa na wanaume.

Nyimbo zao zimewapa sifa ya pekee. Maneno ni ya Kiebrania, Kiganda na lugha nyingine za eneo hilo, lakini sauti ni za Uganda mashariki. Mwaka 2003, taasisi ya Smithsonian ya Marekani ilitoa albamu ya nyimbo hizo iliyotayarishwa na Jeffrey Summit, rabi na mtaalamu wa muziki wa Chuo Kikuu cha Tufts. Albamu hiyo iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy.

Sinagogi kubwa la sasa, linaloitwa Stern, lilifunguliwa Nabugoye mwaka 2016 mahali pa lile la awali la Moses, ambalo lilikuwa dogo kwa waumini waliokuwa wakiongezeka.

Shule, zahanati na kahawa

Miradi ya jamii hii ilizaliwa na shida za kweli. Enzi za ukoloni, shule nyingi zilikuwa za wamishonari, na mtoto aliyetaka kusoma alitarajiwa kubatizwa. Wazazi wa Abayudaya walilazimika kuchagua kati ya elimu ya watoto wao na dini yao. Baadhi waliiacha dini. Wengine waliwaacha watoto nyumbani, na umaskini ukafuata.

Shule ya Msingi ya Hadassah na Shule ya Upili ya Semei Kakungulu zilianzishwa kukomesha hali hiyo. Hufuata mtaala wa serikali ya Uganda, na kwa watoto wa Abayudaya kuna pia masomo ya Kiebrania na dini. Lakini milango iko wazi kwa wote, na humo wanafunzi Wayahudi, Waislamu na Wakristo huketi dawati moja. Wasimamizi wake hawakutaka mtoto wa jirani akabiliwe na sharti lile lile lililowatesa wazazi wao.

Katika afya, Kituo cha Afya cha Tobin kilifunguliwa Mbale mwaka 2010 kwa msaada wa shirika la Be'chol Lashon la San Francisco. Malaria ndiyo adui mkubwa wa eneo hilo, hivyo mradi huo uliambatana na ugawaji wa neti za mbu na uchimbaji wa visima vya maji safi. Kituo humhudumia mgonjwa yeyote pasipo kuuliza dini yake. Inafaa kukumbuka kwamba jamii hii ilitokana na madhehebu yaliyokataa dawa; wajukuu wa wafuasi hao sasa ndio wanaosimamia zahanati.

Mradi unaojulikana zaidi nje ya Uganda ni chama cha ushirika cha Mirembe Kawomera, jina la Kiganda lenye maana ya amani tamu. Mwanzilishi wake, J.J. Keki, alikuwa New York mnamo Septemba 11, 2001, magaidi waliposhambulia majumba ya World Trade Center. Alirejea nyumbani akiwa na wazo la kuonyesha kwamba watu wa dini tofauti wanaweza kufaidika wakiwa pamoja.

Mwaka 2004 alipita nyumba hadi nyumba akiwaomba jirani zake Waislamu na Wakristo kuuza kahawa yao kwa pamoja. Mkulima mmoja mmoja mwenye miti michache alikuwa akimtegemea mlanguzi, ambaye ndiye aliyepanga bei. Ushirika uliwapa uzani mmoja mkubwa wa kahawa safi ya arabika na nguvu ya kujadiliana. Kampuni ya Thanksgiving Coffee ya California iliinunua kwa masharti ya biashara ya haki, yanayompa mkulima bei isiyoshuka chini ya kiwango kilichowekwa.

Viongozi wa ushirika huo wametoka katika dini zote tatu. Mpango huo ulikuwa na busara yake mjini Mbale, makao ya Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda tangu mwaka 1988 na ya makanisa makubwa pia. Jamii ndogo kama Abayudaya haiwezi kujitenga na majirani ikadumu. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu, na katika soko la kahawa methali hiyo huonekana kwenye mizani.

Suala la kutambuliwa

Februari 2002, baraza la marabi wa mrengo wa Kihafidhina kutoka Marekani na Israel lilifika Mbale na kuwaidhinisha rasmi watu wapatao 400 kuwa Wayahudi, baada ya kuwahoji na kuwazamisha majini kama sheria inavyodai. Kwa baadhi ya wazee, hatua hiyo ilikuwa na uchungu wake, kwani walijihesabu kuwa Wayahudi tangu kuzaliwa.

Kundi la Putti, kwa upande wake, halikuridhika na mrengo huo. Lilishikilia kwamba uidhinisho unaofaa ni wa marabi wa Kiothodoksi, ambao ndio wenye sauti kubwa katika mambo ya dini nchini Israel. Hivyo Abayudaya, licha ya uchache wao, wana misimamo miwili ya ibada.

Mwaka 2003 Gershom Sizomu alikwenda Los Angeles kusomea urabi katika Chuo cha Ziegler, na mwaka 2008 akatawazwa. Aliporejea akawa kiongozi wa kiroho wa jamii yake, na mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Wapigakura wengi waliompa kiti hicho hawakuwa Wayahudi.

Mwaka huo huo Wakala wa Kiyahudi, asasi inayoshughulikia uhamiaji kwenda Israel, iliitambua jamii ya Abayudaya. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israel ilikuwa na msimamo tofauti. Mwaka 2018 ilikataa ombi la mmoja wao la kuhamia Israel chini ya Sheria ya Kurejea ya mwaka 1950, inayompa kila Myahudi haki ya kuwa raia. Katika mwaka huo huo, kundi la vijana wa Abayudaya lilipokelewa Israel katika safari za kielimu zinazoandaliwa kwa ajili ya vijana wa Kiyahudi wa ulimwengu mzima. Walikubaliwa kama wageni Wayahudi, ilhali mwenzao alikataliwa kama mhamiaji Myahudi.

Wanaowapinga husema kwamba jamii maskini inaweza kuingia dini kwa tamaa ya uraia. Hoja hiyo inagongana na tarehe. Kakungulu alitahiriwa mwaka 1919, karibu miaka 30 kabla ya taifa la Israel kuundwa mwaka 1948, na watu 300 waliobaki chini ya Amin hawakuwa na faida yoyote ya kutarajia isipokuwa hatari.

Mzigo wa kizazi kipya

Changamoto ya sasa ni ile inayozikabili jamii nyingi za mashambani Afrika Mashariki. Mashamba yamegawanywa hadi kuwa vipande, vijana wanakwenda Kampala kutafuta kazi, na si rahisi kushika Sabato kwa mwajiriwa anayetakiwa kazini Jumamosi. Misaada ya wafadhili wa ng'ambo nayo haina uhakika, kwani hupanda na kushuka kwa sababu zisizohusiana na Mbale.

Hata hivyo, zipo dalili za mwendelezo. Shoshana Nambi, aliyelelewa katika jamii hiyo, alichapisha mwaka 2022 kitabu cha watoto kuhusu sikukuu ya vibanda nchini Uganda, na mwaka 2024 alitawazwa kuwa rabi baada ya kuhitimu masomo yake nchini Marekani. Baadhi ya waumini wa jamii changa ya Kiyahudi ya Kasuku, katika Kaunti ya Nyandarua hapa Kenya, wamekwenda Mbale kujifunza kwa Abayudaya.

Jamii iliyoanza kwa kusoma Biblia bila mwalimu sasa inawafundisha wengine. Uamuzi kuhusu pasipoti na uraia ungali mikononi mwa wizara na mahakama za Jerusalem. Yale ambayo Abayudaya wanaweza kuyaamua wenyewe, yaani sala, shule, zahanati na bei ya kahawa yao, wameendelea kuyaamua kutoka Nabugoye.